Bima ya Magari Iwatazame Pia Waliogongwa

Msafiri wa Mafia anayetoka Dar es Salaam kwa njia ya nchi kavu hupita Mbagala. Hushuka Rangi Tatu, akatafuta gari la kumfikisha Nyamisati, na huko akapanda boti. Waunguja na Wapemba nao wamekuwa wakikaa Temeke, Tandika, Mbagala na Magomeni tangu zamani. Wengine ni wafanyabiashara, wengine wamejenga na kuoa huko, na jamaa zao huvuka bahari mara kwa mara kuja kuwatazama. Kwa sababu hiyo mambo ya barabara za Temeke na Kinondoni hayawahusu wenyeji wa bara peke yao. Mtu wa visiwani akigongwa na gari katika Barabara ya Kilwa au ya Bagamoyo, sheria itakayoamua kama atapata fidia au hapati ni ile ile inayomhusu mtu wa Chamazi na wa Bunju. Kwa maoni yetu sheria hiyo imechakaa.

Sheria yenyewe ni ile ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Ilitungwa katika miaka ya 1940, enzi ya ukoloni, kwa kufuata mfano wa sheria iliyopitishwa Uingereza mwaka 1930. Shabaha yake ilikuwa njema. Inamkataza mtu kuendesha gari barabarani bila ya kuwa na bima ya kulipia madhara atakayowasababishia watu wengine. Hiyo ndiyo wenye magari wanayoiita bima ndogo, kwa kuitofautisha na bima kubwa ambayo hulilinda na gari lenyewe. Kwa gari dogo la mtu binafsi bima ndogo imekuwa ikiuzwa kwa shilingi 100,000, na kodi ya ongezeko la thamani ikijumlishwa hufika shilingi 118,000 kwa mwaka. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, imefanya kazi ya maana kwa kuziingiza stika katika mtandao, hata stika bandia zilizokuwa zikizagaa mijini zimekuwa rahisi kutambuliwa. Trafiki anayesimamisha gari anaweza kujua papo hapo kama bima yake ni hai au imekufa.

Basi mwenye gari analipa, na asipolipa anatozwa faini. Upande huo wa sheria unafanya kazi. Tunalotaka kuliuliza ni nini kinachotokea upande wa pili, kwa mtu ambaye fedha hizo zilikusanywa kwa jina lake.

Sheria inaitaka kampuni ya bima ilipe hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake. Neno lenye uzito hapo ni hukumu. Mgongwaji hana deni mpaka ithibitike kwamba alifanya uzembe, na kwa kuwa kampuni inasimama nyuma yake, nayo haina deni mpaka hapo. Aliyevunjika mguu hana budi kupata kwanza fomu ya polisi ya PF3, kisha ripoti ya ajali na mchoro wa mahali ilipotokea, kisha matokeo ya ukaguzi wa gari, kisha majina ya mashahidi. Ikiwa dereva ameshitakiwa kwa kuvunja Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, itamfaa majeruhi kungoja kesi hiyo imalizike, kwa maana dereva akitiwa hatiani hukumu hiyo itakuwa ushahidi mzito katika madai yake. Faini anayotozwa dereva lakini huingia Hazina. Baada ya hapo ndipo yaanze madai yenyewe, na yote hayo yafanyike katika muda wa miaka 3, kwani Sheria ya Ukomo haipokei madai ya namna hiyo yaliyopitwa na wakati.

Kama aliyegongwa amefariki, njia inazidi kuwa ndefu. Kabla ya kudai chochote kwa niaba ya mali ya marehemu, familia inapaswa kupata msimamizi wa mirathi. Mjane wa Kilindoni ambaye mumewe amefia katika Barabara ya Kilwa ana safari ya bahari na ya nchi kavu kila kesi inapotajwa, na kesi hutajwa mara nyingi kabla ya kusikilizwa. Wakili naye ana ujira wake. Si ajabu basi kwamba madai mengi humalizika nje ya mahakama, pale pale kituoni au katika ofisi ya wakala, kwa fedha chache ambazo majeruhi huzipokea kwa kuwa mwenye nyumba anadai kodi na hospitali inadai bili. Watu huita kumalizana.

Na mahakamani kwenyewe uzembe hupimwa pande zote mbili. Mtembea kwa miguu aliyekatiza mahali pasipo na kivuko huweza kuambiwa kwamba naye alichangia ajali, na fidia yake ikapunguzwa. Kanuni hiyo ina mantiki yake katika mji wenye njia za miguu zilizokamilika. Lakini mtu yeyote aliyewahi kutembea kandokando ya barabara zetu kuu za pembezoni anajua kwamba kivuko cha karibu huweza kuwa mbali kiasi cha kumchosha hata kijana, achilia mbali mama mwenye beseni la samaki kichwani. Tumejenga barabara pana kwa ajili ya magari, halafu tunamhesabia makosa aliyelazimika kuivuka.

Yuko na mwingine ambaye habari yake haisemwi sana, naye ni dereva mwenyewe. Bima ndogo haimlipi yeye. Kijana wa bodaboda anayeendesha pikipiki ya mkataba pale Mbagala Kuu au Tegeta hupeleka hesabu kwa mwenye chombo kila siku, akitumaini kwamba baada ya mwaka au zaidi pikipiki itakuwa yake. Stika ya bima ameibandika kwa sababu bila stika atakamatwa. Siku akiteleza katika mchanga au akikwepa shimo akaanguka, hakuna wa kumshitaki. Akigongwa na gari lililokimbia, yuko wa kumshitaki lakini hajulikani. Kwa vyovyote vile anapelekwa Hospitali ya Temeke au ya Mwananyamala, na mfupa ukiwa umeharibika vibaya hupelekwa Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili. Hesabu haipelekwi tena, na mwenye pikipiki humpa kijana mwingine. Huyu amelipa bima, ameumia barabarani, na bima haimjui.

Wapo watakaotwambia kwamba hivi ndivyo bima ilivyo, na kwamba haiwezekani kulipa fidia bila ya kwanza kumjua mwenye makosa. Jibu letu ni kwamba Tanzania yenyewe imekwisha kuliweza jambo hilo, katika eneo jingine. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko ulioanza kazi tarehe 1 Julai 2015, ambao humlipa mfanyakazi aliyeumia kazini bila ya kumtaka athibitishe kwamba mwajiri wake alikuwa mzembe. Mfanyakazi anatakiwa aonyeshe kwamba ni mfanyakazi na kwamba aliumia akiwa kazini. Hugharimiwa matibabu, na anapokuwa hawezi kufanya kazi hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake. Akifa, gharama za maziko hutolewa na wategemezi wake huangaliwa. Mchango hutoka kwa waajiri. Mwanzoni waajiri wa sekta binafsi walitozwa asilimia 1 ya mishahara, nao walilalamika sana. Mwaka 2021 kiwango kikashushwa hadi asilimia 0.6, na mwaka uliofuata hadi asilimia 0.5. Mfuko haukufa kwa kupunguziwa mchango.

Tuchukue basi mfano wa kubuni, lakini usio mgeni. Lori la kampuni limeacha njia katika Barabara ya Mandela. Ndani yake yumo utingo aliyeajiriwa, na kandokando ya barabara alikuwapo mama ntilie na masufuria yake. Wote wawili wamevunjika nyonga. Utingo atatibiwa na kulipwa bila ya kuulizwa kama breki zilikuwa nzima, kama dereva alisinzia, au kama mtoto alikatiza ghafula mbele ya lori. Mama ntilie ataulizwa yote hayo, na pengine ataulizwa pia kwa nini alikuwa akipika pale. Lori ni moja, ajali ni moja, na pengine wamelazwa katika wodi zinazopakana. Hatuoni hoja inayoweza kuitetea tofauti hiyo mbele ya mama huyo.

Mabadiliko mengi yamepita katika biashara ya bima tangu Uhuru. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, likawa mali ya umma mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, na kwa karibu miaka 30 ndilo pekee lililouza bima Bara, kama ambavyo Shirika la Bima la Zanzibar, lililoundwa mwaka 1969, lilivyosimama Visiwani. Sheria ya mwaka 1996 ikafungua milango kwa makampuni ya watu binafsi, na ile ya mwaka 2009 ikaleta TIRA. Kwa hiyo wauzaji wa bima wamebadilika na msimamizi amebadilika, ila msingi wa kumlipa majeruhi umebaki ule ule wa 1930 wa Uingereza.

Ulimwenguni kwingine msingi huo umekuwa ukihojiwa tangu miaka ya 1960. Mwaka 1965 wanasheria wawili wa Marekani, Robert Keeton na Jeffrey O'Connell, walitoa kitabu wakipendekeza kwamba kila majeruhi alipwe na bima ya gari husika bila ya kutafuta mwenye makosa, na kwamba haki ya kwenda mahakamani ibaki kwa madhara makubwa tu. Jimbo la Massachusetts likaanza kufuata mpango wa namna hiyo mwaka 1971. Nyuzilandi ilikwenda mbali zaidi. Kwa ushauri wa tume iliyoongozwa na Jaji Owen Woodhouse, ambayo ilitoa taarifa yake mwaka 1967, nchi hiyo ilianzisha mwaka 1974 mfuko wa kumlipa kila aliyeumia kwa ajali ya aina yoyote, na papo hapo ikafuta haki ya kushitaki kwa ajili ya majeraha hayo. Jimbo la Quebec huko Kanada likaondoa mashauri ya majeruhi wa barabarani mwaka 1978.

Hata hivyo haitufai kuiga kwa pupa, maana ziko nchi zilizoungua kwa mpango huu huu, na walioungua walikuwa madereva. Mfano ulio wazi kabisa ni Michigan. Sheria ya jimbo hilo, iliyoanza kutumika mwaka 1973, ilimlazimisha kila mwenye gari kununua bima ya kumtibu majeruhi maisha yake yote, bila kikomo cha fedha. Ulikuwa ukarimu mkubwa. Lakini sheria haikuweka bei ambazo hospitali zingelipwa, na kwa kuwa mlipaji alikuwa bima, hospitali ziliwatoza majeruhi wa magari zaidi ya walivyotozwa wagonjwa wengine kwa huduma ile ile. Gharama hiyo ilirudi kwa wenye magari. Michigan ikawa miongoni mwa majimbo yenye bima ghali kupita yote nchini humo, na katika mji wa Detroit, wenye maskini wengi, watu wengi waliamua kuendesha bila bima, yaani nje kabisa ya mpango uliotungwa kwa ajili yao.

Marekebisho yalikuja mwaka 2019, Gavana Gretchen Whitmer alipotia sahihi sheria mpya. Tangu Julai 2020 mwenye gari aliweza kuchagua kiwango cha matibabu: kisicho na kikomo kama zamani, au dola 500,000, au dola 250,000, na kwa baadhi ya watu wa kipato cha chini dola 50,000. Makampuni yaliamriwa kushusha sehemu ya matibabu ya bima hiyo kwa asilimia zilizotajwa katika sheria yenyewe. Na kuanzia Julai 2021 hospitali na watunzaji wa wagonjwa wakawekewa bei. Hapo yakazuka malalamiko ya upande mwingine, maana huduma nyingi za kuwatunza waliopooza zilipunguziwa malipo hadi asilimia 55 ya yale ya awali, na baadhi ya watoaji wa huduma hizo wakafunga milango. Mwaka 2023 Mahakama Kuu Kabisa ya Michigan iliamua kwamba bei mpya hazikuweza kuwagusa waliokuwa wameumia kabla ya sheria hiyo kubadilishwa. Tunayaeleza haya kwa urefu kwa sababu yanaonyesha ugumu ulipo. Kuahidi kila kitu humvunja mgongo mwenye gari, na kupunguza baadaye kile kilichokwisha kuahidiwa humvunja mgonjwa. Kikomo kiwekwe siku ya kwanza, na bei za hospitali ziandikwe siku ile ile.

Karibu na kwetu ziko nchi zilizochota fedha za fidia katika mafuta badala ya stika. Afrika Kusini hufanya hivyo kupitia Mfuko wa Ajali za Barabarani. Mwaka 2021 tozo yake ilifika randi 2 na senti 18 kwa kila lita. Lakini nchi hiyo ilibaki na msingi wa kutafuta mwenye makosa, ikawa inakusanya kutoka kwa kila mnunuzi wa petroli na papo hapo inawalipa mawakili wa pande zote mbili. Mfuko umelemewa na madeni makubwa sana. Muswada uliokusudia kuondoa suala la makosa ulikataliwa bungeni mwaka 2020. Namibia, jirani yao, nayo hutumia tozo ya mafuta, ila kwa sheria yake ya mwaka 2007 ilichagua kumlipa majeruhi bila ya kujali makosa na ikaandika vikomo: matibabu hadi dola za Namibia milioni 1 na nusu, maziko 7,000. Majeruhi wa Windhoek anajua haki yake ni ipi kabla ya kumwona wakili.

Sisi tunaona kwamba njia ya Namibia ndiyo inayotufaa, kwa kipimo cha mfuko wetu wenyewe. Kila aliyeumia katika barabara ya umma, awe abiria, mpita njia, au dereva, agharimiwe matibabu hadi kiasi kilichotajwa katika sheria. Alipwe posho kwa kipindi ambacho hawezi kufanya kazi. Akifariki, familia ipate fedha za maziko na mkupuo mmoja kwa wategemezi, ndani ya siku chache na bila ya kungoja mirathi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapunguza mzigo wa hospitali kadiri inavyotekelezwa, lakini haimrudishii mama ntilie mapato ya miezi 6 aliyolala. Na viwango hivyo vifungamanishwe na kupanda kwa gharama za maisha. Uganda iliweka katika sheria yake ya mwaka 1989 kikomo cha shilingi milioni 1 ya nchi hiyo kwa kila majeruhi; mwenye kujua thamani ya shilingi ya Uganda ataona jinsi kiasi kisichofungamanishwa na kitu kinavyoweza kuyeyuka chenyewe.

Fedha zitoke wapi? Mfano tunao, wa mwaka 2017. Katika bajeti ya mwaka huo Waziri wa Fedha, Dk. Philip Mpango, alifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, ile iliyokuwa ikiwatesa watu hata kwa magari yaliyokwisha kuwa chuma chakavu, na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa kwa shilingi 40 kwa lita. Tangu hapo hakuna aliyekamatwa kwa kukosa kulipa ada hiyo, kwa kuwa kila anayejaza tangi ameilipa.

Tufanye hesabu kwa shilingi 10 tu kwa lita. Gari la mtu binafsi linalotumia lita 100 kwa mwezi litachangia shilingi 12,000 kwa mwaka. Bodaboda inayotumia lita 4 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, itachangia kiasi hicho hicho. Daladala inayotumia lita 40 kwa siku itachangia shilingi 120,000 kwa mwaka, yaani shilingi 400 kwa siku ya kazi, ambazo hazifikii nauli ya abiria mmoja kutoka Rangi Tatu kwenda mjini. Anayeendesha sana huchangia sana, na ndiye aliye barabarani muda mrefu zaidi. Aliyeghushi stika atakuwa amechangia bila ya kupenda. Na aliyegongwa na gari lililokimbia atalipwa kama mwingine yeyote.

Sharti moja ni lazima liandikwe: bima ndogo ishuke bei. Makampuni yatakuwa yamepunguziwa mzigo wa majeruhi wa kawaida, na yatabakiwa na mali zilizoharibiwa pamoja na yale madai makubwa yatakayozidi kikomo cha mfuko. Ikiwa TIRA haitapewa amri ya kushusha bei hiyo kwa asilimia iliyotajwa, kama ilivyofanyika Michigan, dereva atalipa mara mbili, mara moja kwenye pampu na mara ya pili kwa wakala, naye atakuwa na haki ya kunung'unika.

Kasoro za tozo ya mafuta hatutazificha. Mwaka 2017 nyongeza ya shilingi 40 iliyagusa mafuta ya taa pia, na hivyo mtu asiye na hata baiskeli alichangia kufuta ada ya wenye magari. Safari hii mafuta ya taa yaachwe. Wavuvi wa Mafia na wa Kigamboni hununua petroli ya mashine zao za boti katika vituo vile vile vya magari, na wenye mashine za kusaga vijijini hununua dizeli. Hawa watachangia mfuko wa barabara ambayo vyombo vyao havipiti. Kuwarudishia fedha zao kwa risiti ni kazi itakayogharimu kuliko fedha zenyewe. Tunachoweza kusema ni kwamba mvuvi naye hupita barabarani kwenda Feri kuuza samaki, na kwamba tozo ikiwa ndogo dhuluma yake nayo ni ndogo. Kuna na magari yanayotumia gesi, ambayo yameongezeka Dar es Salaam, hasa bajaji na teksi, na sasa yanakuja ya umeme. Hayo hayaguswi na petroli, na mchango wake itabidi ukusanywe katika stika. Wachumi wa Wizara wana uwezo wa kulipanga hilo.

Inasemwa pia kwamba mpango wa namna hii utawapa madereva wazembe kiburi, kwa kuwa hawatashitakiwa na majeruhi. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama dereva mzembe wa leo angelipa kutoka mfukoni mwake. Anayelipa ni kampuni, naye anajua. Kinachomtia hofu dereva ni kunyang'anywa leseni na kufungwa, na hayo yanabaki katika Sheria ya Usalama Barabarani. Mfuko nao upewe mamlaka ya kumdai aliyeendesha akiwa amelewa, au bila leseni, ili arudishe kile kilicholipwa kwa sababu yake. Na haki ya kwenda mahakamani isifutwe kama Nyuzilandi ilivyofanya. Aliyepooza kwa uzembe wa wazi aweze kudai zaidi, kile alichokwisha kulipwa kikatolewe katika hukumu.

Kwa wasomaji wetu wa Unguja na Pemba kuna neno moja la ziada. Ushuru wa mafuta wa Bara na wa Zanzibar hausimamiwi na serikali moja, kwa hiyo mfuko tunaoupendekeza hautavuka bahari wenyewe. Mpemba aliyegongwa Tandika atalipwa, kwa kuwa ameumia katika barabara ya Bara. Aliyegongwa Chake Chake atabaki alipo mpaka Baraza la Wawakilishi lipitishe la kwake. Serikali ya Mapinduzi tayari ina uzoefu. Tangu Oktoba 2024 mgeni kutoka nje ya nchi anayeingia Zanzibar hutakiwa kununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44, na bima hiyo humgharimia akipata ajali, bila ya mtu kumuuliza nani alikosea. Mtalii anayepanda gari la abiria ana kinga hiyo. Mwenyeji aliyeketi naye katika benchi moja hana.

Bajeti ya Serikali husomwa Bungeni mwezi Juni, na mapendekezo ya kodi na tozo hupokelewa Wizara ya Fedha miezi kadhaa kabla ya hapo. TIRA inazo hesabu za madai yaliyolipwa na ya yale yaliyokataliwa, makampuni yanazo, na polisi wanayo orodha ya ajali. Tungependa hesabu hizo ziwekwe pamoja na kutangazwa kabla ya Bunge kukaa: katika kila shilingi 100 za bima ndogo zilizokusanywa, ni ngapi zilizomfikia mtu aliyeumia, na zilimfikia baada ya muda gani.